Likizo ya Italia kwa Treni ya Mwendokasi, na Milima Ambayo Hatukuiona

Wengi wanaposimulia safari ya treni ya mwendokasi huanza na kasi yenyewe, na sishangai. Skrini ndogo iliyo juu ndani ya behewa huandika kilometa 290 kwa saa, kisha 298, kisha 300, na abiria mgeni huinua simu yake akapiga picha, ilhali wenyeji waliomzunguka hawainui hata macho. Mimi na mwenzangu tuliizunguka Italia kwa treni hizo, tukianzia Napoli na kupitia Roma, Firenze, Bologna na Venezia hadi Milano, na nimeishia kuona kwamba kasi ndiyo sehemu ndogo ya habari yote. Ndani ya behewa mwendo huo hausikiki kama mtu anavyoutarajia: maji yametulia ndani ya chupa, mtoto wa jirani amelala, na ni nguzo za umeme zilizo karibu na dirisha tu ndizo zinazokukumbusha kwamba unakwenda mbio. Kinachoibadilisha likizo ni mahali treni inapokushusha, na jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kile ambacho treni hiyo inakupitisha bila kukuonyesha.

Nianze na la kwanza. Kati ya Roma na Milano kuna zaidi ya kilometa 500, na treni isiyosimama njiani huzimaliza kwa muda wa saa tatu hivi. Ndege huruka kwa saa moja na kidogo, lakini uwanja wa Fiumicino uko karibu kilometa 30 kutoka katikati ya Roma, na ule wa Malpensa uko karibu kilometa 50 kutoka Milano, kwa hiyo ukijumlisha muda wa kwenda uwanjani, kukaguliwa, kungoja kuitwa na kungoja mizigo, ile saa moja ya angani hugeuka kuwa nusu ya siku. Ni haki kusema kwamba Milano ina uwanja mwingine, Linate, ulio karibu zaidi na mji, na mfanyabiashara anayetua hapo na mkoba mmoja mkononi anaweza kabisa kushindana na treni. Msafiri wa likizo hayuko katika hali hiyo. Ana sanduku, hajui mji, na jambo linalomchosha kuliko safari yenyewe ni zile saa mbili za kutafuta basi, kuuliza njia na kubishana na madereva wa teksi baada ya kufika. Treni humwondolea sehemu kubwa ya adha hiyo, kwa kuwa humfikisha katikati ya mji akiwa bado ana nguvu za kutembea.

Sababu ya jambo hili ni ya kiufundi, nayo inafaa kuelezwa, kwa maana haiko hivyo katika kila nchi yenye treni za kasi. Wajapani walipofungua njia yao ya kwanza mwaka 1964, reli zao za zamani zilikuwa na upana wa milimita 1,067 na zile mpya zilijengwa kwa upana wa milimita 1,435, hivyo treni mpya haikuweza kabisa kutumia reli za zamani, na hata leo anayekwenda Osaka hushuka Shin-Osaka, stesheni iliyojengwa kando kwa ajili ya njia mpya. Ufaransa haikuwa na tatizo hilo la upana, lakini kwa baadhi ya miji, kama Avignon na Aix-en-Provence, iliamua kujenga stesheni za treni za kasi nje ya mji ili treni isipoteze muda kuingia na kutoka. Italia ilikuwa na reli za zamani zenye upana ule ule wa milimita 1,435, na miji yake mikubwa ilikuwa na stesheni zilizokwisha kujengwa katikati, kwa hiyo treni ya kasi huacha njia yake mpya pembezoni mwa mji, hupunguza mwendo, hujipenyeza kwenye reli za zamani na kwenda kusimama palepale zinaposimama treni nyingine zote. Ukitoka nje ya stesheni ya Santa Maria Novella mjini Firenze, kanisa ambalo stesheni imechukua jina lake liko mbele yako, na kanisa kuu lenye kuba mashuhuri liko mwendo wa miguu wa robo saa tu.

Zipo stesheni zinazokwenda kinyume na utaratibu huo, nazo ni nzuri kutazama. Karibu na Reggio Emilia, katika nchi tambarare kati ya Milano na Bologna, mhandisi na msanifu wa Kihispania Santiago Calatrava alisanifu stesheni ya chuma cheupe iliyopindapinda kama wimbi, ambayo ilifunguliwa mwaka 2013 pembezoni kabisa mwa mji. Napoli nako kuna stesheni ya Afragola iliyosanifiwa na Zaha Hadid na kufunguliwa mwaka 2017, baada ya msanifu huyo kufariki. Ukiona jina la Afragola kwenye tiketi yako, fahamu kwamba utashushwa nje ya mji, na kama hoteli yako iko karibu na Napoli Centrale basi umenunua tiketi ya mahali pengine.

Tahadhari hiyo inahusu karibu kila mji, na ningependa nchi zote ziwe na desturi ya kuwaeleza wageni jambo hili kwa herufi kubwa. Roma ina Termini na Tiburtina. Venezia ina Santa Lucia, iliyo kisiwani, na Mestre, iliyo bara. Milano ina Centrale, lakini kuna treni zinazosimama pia Rogoredo au Porta Garibaldi. Jina la mji peke yake halitoshi. Soma jina la stesheni lote.

Sasa nije kwenye tiketi, ambako nadhani wageni wengi hupoteza fedha zaidi kuliko wanavyofahamu. Kuna kampuni mbili zinazoendesha treni za kasi katika njia zilezile. Trenitalia ni ya serikali, na treni zake za juu kabisa huitwa Frecciarossa; Italo ni ya binafsi na ilianza kazi Aprili 2012, wakati ambapo karibu kila mahali Ulaya treni za kasi zilikuwa bado mikononi mwa kampuni moja ya taifa. Ushindani huo ndio uliozifanya nauli za Italia ziwe na tabia ya nauli za ndege: siti ileile ya Roma hadi Firenze inaweza kuuzwa kwa chini ya yuro 30 kwa aliyenunua wiki nyingi kabla, na kwa zaidi ya yuro 50 kwa aliyefika dirishani asubuhi ya safari. Tiketi ya bei ya juu inakuruhusu kubadilisha saa na kudai fedha zako ukighairi safari. Ile ya bei ya chini kabisa imefungwa kwenye treni moja, siku moja na saa moja, na ukichelewa dakika tano umekwisha kuipoteza.

Watu wengi hushauri ununue tiketi zote mapema kwa bei ya chini. Mimi sikubaliani na ushauri huo kwa ukamilifu wake. Tiketi ya siku unayotua kutoka ng'ambo haifai kuwa ya bei ya chini kabisa, kwa maana hujui foleni ya uhamiaji itakuwa ya urefu gani wala sanduku lako litatokea saa ngapi, na yuro 20 ulizookoa zinaweza kukugharimu yuro 60 za tiketi mpya. Siku nyingine zote, ambazo unaamka mjini na stesheni iko mwendo wa dakika chache, tiketi ya bei ya chini ni ya busara. Tulifuata utaratibu huo na ukatufaa, ingawa mwenzangu alilalamika kwamba kuifungia likizo saa ya kuondoka kila mji kunampa hisia ya kuwa kazini.

Stesheni zenyewe zinahitaji utulivu wa moyo. Ubao mkubwa wa safari huandika mahali treni inapoishia, na mara nyingi hapo si mahali unapokwenda wewe: treni ya Roma inayokupeleka Firenze huenda imeandikwa Torino, Milano au Venezia. Atakayelitafuta neno Firenze ubaoni anaweza kusimama pale mpaka treni yake iondoke. Kinachotakiwa kutafutwa ni namba ya treni, ambayo imechapishwa kwenye tiketi, pamoja na saa ya kuondoka. Namba ya jukwaa, ambalo Waitaliano huliita binario, hutokea dakika chache kabla ya treni kuondoka, kwa hiyo utaona umati wa watu umesimama chini ya ubao, vichwa juu, mikono kwenye vishikio vya masanduku, hakuna anayezungumza. Kisha namba inatokea, na nusu ya umati inaondoka kwa pamoja kuelekea upande mmoja. Katika stesheni kubwa kama Termini, Milano Centrale na Santa Maria Novella kuna vizuizi kabla ya majukwaa, na asiye na tiketi hapiti, kwa hiyo wanaosindikizwa wanaagana hapo. Milango ya treni hufungwa muda mfupi kabla ya saa iliyoandikwa, na saa iliyoandikwa ni ya magurudumu kuanza kuzunguka.

Mashine za tiketi zina lugha kadhaa na si ngumu kutumia. Zina pia sauti inayoonya kuhusu wezi wa mifukoni, na onyo hilo linastahili kusikilizwa, kwa kuwa jirani ya mashine hizo huzunguka watu wenye ukarimu wa ghafla wanaotaka kukubonyezea vitufe kisha wakudai malipo ya msaada ambao hukuuomba. Kukataa kwa upole mara ya kwanza na kwa ukali kidogo mara ya pili kunatosha.

Ndani ya treni mambo ni rahisi. Hakuna anayepima uzito wa sanduku lako. Unalipandisha mwenyewe, unaliweka kwenye rafu ya mwisho wa behewa au kwenye nafasi iliyo kati ya migongo ya viti, na likiwa dogo unalitupia juu ya kichwa chako. Nilipenda zaidi nafasi ya kati ya migongo ya viti kwa sababu macho yanafika pale. Kila abiria ana namba ya behewa na namba ya kiti, na Waitaliano wanaiheshimu namba hiyo kwa dhati: mzee mmoja aliyekuta nimekaa upande wake wa dirisha, kwa idhini ya mwenzangu tu, alinionyesha tiketi yake kwa tabasamu na hakusema neno mpaka nilipohama, ndipo akaniambia karibu.

Kuna jambo moja la Firenze linalowashangaza wageni wote. Santa Maria Novella, jengo la miaka ya 1930 lililosanifiwa na Giovanni Michelucci na wenzake, ni stesheni ya mwisho wa reli, yaani reli zinaingia na haziendelei mbele. Treni inayotoka Roma kwenda Bologna huingia ikitanguliza kichwa chake na hutoka ikitanguliza mkia. Kwa hiyo aliyechagua kwa makini kiti kinachotazama mbele atajikuta, baada ya dakika chache za kusimama, anakwenda kinyumenyume hadi Bologna. Niliwaona wawili walioruka kutoka vitini kwa hofu, wakidhani treni inarudi Roma. Mkaguzi wa tiketi aliwapungia mkono kabla hawajauliza. Bila shaka swali hilo huulizwa kila siku.

Ni baada ya hapo ndipo nilipoanza kuwaza lile jambo la pili nililolitaja mwanzoni. Firenze na Bologna zimetenganishwa na milima ya Apennini, na kwa karne nyingi kuivuka milima hiyo kulikuwa safari ya kusimuliwa. Njia ya kwanza ya reli, ambayo ilikamilika mwaka 1864 kupitia Pistoia na Porretta, ilipanda kwa mizunguko na miteremko mikali. Mwaka 1934 ikafunguliwa njia nyingine kupitia Prato, yenye handaki refu la zaidi ya kilometa 18. Kisha Desemba 2009 ikafunguliwa njia ya sasa ya treni za kasi, yenye urefu wa kilometa 78 hivi, na katika hizo, kilometa 73 ziko ndani ya mahandaki. Safari ni dakika 35 au zaidi kidogo. Masikio yanaziba, mtandao wa simu unapotea na kurudi, dirisha linageuka kioo na unajitazama uso wako mwenyewe. Mara mwanga unapasuka, unaona bonde la kijani, paa la nyumba, kipande cha barabara, na kabla hujamwambia mwenzako atazame, giza limerudi. Mwenzangu aliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "Sasa hiyo ndiyo milima?" Nilimjibu kwamba ndiyo, na kwamba tumeshaivuka.

Sidhani wahandisi wanastahili lawama. Milima mirefu haiwezi kuvukwa kwa kasi ya kilometa 300 kwa saa kwa kupindapinda kando ya mito. Reli ya kasi inataka mikunjo mipana na miinuko midogo, na katika nchi ya milima hilo lina jibu moja tu, yaani kutoboa. Njia ya kwanza ya kasi ya Italia, ile ya Roma hadi Firenze, ilianza kujengwa mwaka 1970, sehemu yake ya kwanza ikafunguliwa mwaka 1977 na ya mwisho mwaka 1992, na urefu wake ni kilometa 254. Nayo pia huzama kwenye handaki moja baada ya jingine, ingawa kwa kuwa ni ya kizazi cha zamani treni haziendi zaidi ya kilometa 250 kwa saa juu yake. Ninalosema ni kwamba msafiri anayehama mji hadi mji kwa njia hizi ataijua Italia ya stesheni na makumbusho, na nchi iliyo katikati itabaki kuwa kelele na giza.

Bologna ilinionyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Treni za kasi hapo husimama chini ya ardhi, takriban mita 25 kwenda chini, kwenye majukwaa namba 16 hadi 19 ambayo yalianza kutumika mwaka 2013. Anayebadilisha treni kutoka ya kasi kwenda ya kawaida ajipe muda wa kutosha, kwani ngazi za umeme ni nyingi na njia za chini ni ndefu. Anayebadilisha kutoka treni ya kasi moja kwenda nyingine hahitaji hata kupanda juu. Huko juu, kwenye ukuta wa nje wa stesheni ya zamani, kuna saa ambayo mishale yake imeachwa ikionyesha saa 4:25 asubuhi, wakati lilipolipuka bomu tarehe 2 Agosti 1980 katika chumba cha abiria wa daraja la pili na kuwaua watu 85. Ndani ya chumba hicho, ambacho bado kinatumika, ukuta umeachwa na ufa mkubwa uliofunikwa kwa kioo, na majina ya waliokufa yameandikwa kwenye jiwe pamoja na umri wao, wengine wakiwa watoto wadogo. Watu walikaa chini ya majina hayo wakila mikate na kungoja treni zao za kawaida, na msichana mmoja alichaji simu yake kwenye soketi iliyo chini ya jiwe hilo. Sikuona ubaya wowote kwake; chumba cha kungojea ni cha kungojea. Lakini maelfu wanaopita Bologna kila siku kwa treni za chini hawatakiona chumba hicho, na sisi tulikiona kwa sababu tu tulilala mjini.

Kuelekea Venezia mambo hubadilika, kwa kuwa hapo treni ya kasi hulazimika kuwa mpole. Baada ya Mestre reli hupita juu ya maji ya wangwa kwa daraja refu la matao 222 ambalo lilifunguliwa mwaka 1846, na treni iliyokuwa ikikimbia huko nyuma hujikokota hapo, maji kulia na kushoto. Abiria wote, wenyeji na wageni, huinuka mapema bila sababu. Ukitoka nje ya Santa Lucia unakutana na ngazi pana, na chini yake Mfereji Mkuu wenyewe, huku kanisa la San Simeone Piccolo likiwa ng'ambo na kuba lake la kijani. Hakuna mji mwingine niliowahi kuuingia kwa treni ambao huanza ghafla namna hiyo. Hakuna teksi ya magurudumu, hakuna basi, na kila daraja lina ngazi. Mwenye sanduku zito atalijutia kuanzia daraja la kwanza, kwa hiyo ni afadhali kupanda boti ya abiria hata kama hoteli inaonekana karibu kwenye ramani.

Kutoka Venezia hadi Milano ni saa mbili na nusu hivi, na katika safari yetu yote hiyo ndiyo iliyokuwa na dirisha bora, kwa sababu ambayo wasimamizi wa reli wasingeifurahia: njia ya kasi ilikuwa haijakamilika. Ilikuwa inaanzia Brescia tu, kipande kilichofunguliwa mwaka 2016, na kabla ya hapo treni zetu za kisasa zilitumia reli ya zamani, zikipita katikati ya mashamba ya mizabibu na karibu na Ziwa Garda. Maeneo ya Peschiera na Desenzano ziwa lilijitokeza kwa vipande, la buluu iliyokolea, na safari hii nilipomwambia mwenzangu atazame alipata muda wa kutazama.

Kabla sijafika mwisho, neno kuhusu ucheleweshaji na migomo, kwani vyote vipo. Treni moja tuliyopanda ilisimama kati ya mashamba kwa zaidi ya saa moja kutokana na hitilafu ya umeme. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa abiria haki ya kurudishiwa robo ya nauli treni ikichelewa kwa dakika 60 hadi 119, na nusu ya nauli ikichelewa kwa dakika 120 au zaidi, lakini fidia hiyo kwa kawaida lazima uidai, kwa hiyo usitupe tiketi wala kufuta barua pepe. Migomo ya reli nchini Italia hutangazwa mapema kwa mujibu wa sheria, na hata siku ya mgomo kuna orodha ya treni za masafa marefu ambazo lazima ziondoke. Treni za mikoa nazo zina saa zilizolindwa siku za kazi, kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi na kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Kuchungulia tarehe za migomo kabla ya kununua tiketi ni kazi ya dakika tano.

Kwa kuwa ndege yetu ya kurudi iliondokea Roma, tulipaswa kushuka tena kutoka Milano. Hadi Firenze tulitumia treni ya kasi, tukaipita tena milima kwa giza lilelile. Kutoka Firenze hadi Roma nilipendekeza tupande treni ya mkoa, inayofuata reli ya zamani, na mwenzangu, ambaye kwa kawaida huhesabu dakika, alikubali kwa sharti kwamba tusimame mahali. Masanduku makubwa tulikuwa tumeyaacha Roma tangu mwanzo, kwa hiyo hapakuwa na kikwazo. Tiketi za treni hizi zina bei moja isiyopanda kadiri siku inavyokaribia, hazina namba ya kiti, na ile ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye mashine ndogo ya ukutani kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi atakutoza faini hata kama umelipa nauli. Ya kwenye simu nayo ina utaratibu wake wa kuthibitishwa kabla ya safari.

Treni ilisimama Arezzo, ikasimama Terontola, ikapita kando ya Ziwa Trasimeno na kusimama Castiglione del Lago, ambako walipanda wanafunzi waliojaza behewa zima na kushuka baada ya muda mfupi. Mabibi wawili mbele yetu walizungumza njia nzima huku mmoja akimenya maharage mabichi ndani ya mfuko wa plastiki uliokuwa mapajani mwake, na maganda akiyaweka kwenye mfuko wa pili. Mara mbili au tatu treni ya kasi ilitupita kwenye njia yake iliyo jirani, mstari mwekundu na mshindo wa hewa kwenye vioo, na kila mara mabibi wale walinyamaza kwa sekunde mbili kisha wakaendelea palepale walipoachia.

Tulishuka Orvieto, mji uliokaa juu ya mwamba, ambao kutoka treni ya kasi huonekana kwa kupepesa macho. Mbele ya stesheni kuna gari dogo linalovutwa kwa kamba ya chuma hadi juu, na karibu na linapoishia kuna kisima cha San Patrizio kilichochimbwa kwa amri ya Papa Klementi wa Saba katika karne ya 16, chenye ngazi mbili za mzunguko zisizokutana, kila moja ikiwa na vipandio 248, ili wanyama wa mizigo waliobeba maji washuke kwa moja na kupanda kwa nyingine bila kugongana. Tulishuka hadi chini, tukapanda, tukala, tukarudi stesheni kungoja treni inayofuata ya mkoa.

Bila kuhesabu saa za Orvieto, safari ya Firenze hadi Roma ilitugharimu karibu saa nne badala ya saa moja na nusu. Kwa mwenye siku chache sana singeishauri. Achukue treni ya kasi na asijute. Mwenye wiki moja au zaidi ningemshauri aiondoe safari moja ya kasi katika ratiba yake na kuweka ya mkoa, na kama ni lazima achague moja tu, basi achague hii ya Firenze na Roma, ashike kiti cha upande wa mashariki kwa ajili ya ziwa, na aondoke asubuhi, kwa sababu treni za mkoa za njia hii si nyingi na ya jioni hukufikisha Termini usiku.